Ombi la Kituo cha Watoto Uwanja wa Ndege wa Juba Liwe Ombi la Wote



Kila mara suala la watoto wadogo wa wafanyakazi wa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba linapotajwa, jibu huwa ni lile lile: hilo ni jambo la nyumbani, kila mama ajipange. Sisi tunasema si jambo la nyumbani. Mfanyakazi anapoingia zamu alfajiri, mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu yuko mahali fulani na anaangaliwa na mtu fulani. Mtu huyo ni nani, analipwa na nani, na mtoto amekula nini, hayo ni mambo ya kazi kama vile mshahara na saa za zamu zilivyo mambo ya kazi.

Tunaowasemea ni wengi. Wamo wasafishaji wa jengo la abiria, wapakiaji na wapakuaji wa mizigo, walinzi, wapishi, makarani wa kaunta za mashirika ya ndege, na akina mama wanaouza chai nje ya lango. Baadhi yao ni wenyeji wa Juba. Wengine wametoka Kenya na Uganda kutafuta riziki. Wengine ni wananchi wa Sudan Kusini waliokulia Kakuma au katika makambi mengine ya wakimbizi, wakarudi nyumbani na Kiswahili mdomoni. Lugha zao ni mbalimbali, lakini shida ya mtoto ni moja.

Hebu tuangalie watoto hawa wanalelewa vipi sasa. Njia ni nne. Ya kwanza ni kumwachia jirani, ambaye naye ana wake na shughuli zake. Ya pili ni kumlipa yaya, na mfanyakazi wa ngazi ya chini akishatoa fedha za yaya na nauli ya kutoka Gudele au Gumbo, mshahara uliobaki haufiki katikati ya mwezi. Ya tatu ni kuja na mtoto kazini, akalazwa kwenye khanga chini ya meza ya chai huku magari na bodaboda yakipita. Ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni kumtoa shule binti wa miaka tisa au kumi ili abaki na mdogo wake. Hapo watoto wawili wanaumia kwa sababu ya zamu moja. Mdogo analelewa na mtoto mwenzake, na mkubwa anapoteza masomo ambayo hatayapata tena kwa urahisi.

Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya mwaka 2017 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 90 kwa mshahara kamili. Hilo ni jema na tunalipongeza, ingawa kibarua asiye na mkataba hulisikia kama habari ya nchi nyingine. Lakini tuulize: siku ya 91 inakuwaje? Mtoto wa miezi mitatu hajaweza hata kukaa. Atatambaa, atasimama, atatembea, ataanza kusema, na miaka yote hiyo shule haimpokei. Kati ya siku ya 91 na siku ya kwanza ya shule kuna pengo la miaka, na pengo hilo linazibwa na mwanamke kwa mshahara wake, kwa usingizi wake, au kwa kuacha kazi.

Wapo watakaosema kwamba tunaomba fadhila. Hapana. Katiba ya Mpito ya Jamhuri ya Sudan Kusini ya mwaka 2011, katika ibara ya 16 inayohusu haki za wanawake, inaziagiza ngazi zote za serikali kutoa huduma za uzazi na malezi ya mtoto, pamoja na matibabu kwa wanawake wajawazito na wanaonyonyesha. Tunaomba msomaji ayashike maneno haya: ngazi zote za serikali. Haikusemwa ngazi fulani peke yake. Tunayasisitiza kwa sababu ndiyo yanayofungua mlango ambao umefungwa siku zote.

Mlango hufungwa hivi. Mama mmoja anaandika barua. Akiipeleka kwa mwajiri wake, anaambiwa kampuni haina sehemu yake yenyewe, imepanga chumba tu, aende kwa wenye uwanja. Akienda kwa wenye uwanja, anaambiwa kazi yao ni ndege na usalama, watoto ni wa wizara inayohusika na jinsia, mtoto na ustawi wa jamii. Akienda huko, anaambiwa huduma za mtaani ni za jimbo au za baraza la mji. Akifika mjini, anaambiwa uwanja wa ndege ni mali ya taifa. Amezunguka mwezi mzima, amepoteza siku za kazi, na barua imerudi alikoanzia. Hakuna aliyemkatalia na hakuna aliyempa. Tunasema kuwa kila ofisi ya serikali katika mzunguko huo imetajwa na Katiba, kwa hiyo hakuna yenye haki ya kusema hili si langu.

Si kila nchi imeliacha jambo hili hewani. Kenya, katika Katiba yake ya mwaka 2010, imeorodhesha vituo vya kulelea watoto miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Vituo havijatosha, lakini mfanyakazi wa Nairobi au Mombasa anajua mlango wa kugonga. Ethiopia, katika sheria ya watumishi wa serikali ya mwaka 2017, iliagiza ofisi za serikali ziwe na mahali pa watumishi wanawake kunyonyesha na kutunza watoto wao. Tanzania ilikuwa na sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana tangu mwaka 1981, na baadaye mambo hayo yakaingizwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria ya Tanzania ilieleza namna kituo kinavyosajiliwa na kukaguliwa, na hilo ni la lazima. Ila tukumbuke kwamba kusajili kituo ni jambo moja na kukiwekea fedha ni jambo jingine. Kituo kilichosajiliwa ambacho ada yake mfanyakazi haiwezi, kwake ni ukuta tu uliopakwa rangi.

Hata pale serikali inapotoa fedha, namna ya kuomba inaweza kuwaacha nje wale wale wenye shida. Tazameni England. Tangu Septemba 2025 wazazi wanaofanya kazi wana haki ya saa 30 za malezi kwa juma, kwa majuma 38 ya mwaka, kwa mtoto kuanzia miezi tisa hadi aanze shule. Ni ushindi mkubwa. Lakini mzazi lazima aombe na kupata namba yake kabla muhula haujaanza, na aithibitishe tena kila miezi mitatu. Lazima pia kipato chake kifikie walau malipo ya saa 16 kwa juma kwa kima cha chini. Na kama viza za wazazi wote wawili zinawakataza fedha za umma, saa hizo hawazipati. Miongoni mwa wenzetu wa Afrika Mashariki wanaosafisha maofisi ya London usiku, mwenye saa zisizotabirika na mwenye viza ya namna hiyo ndio wanaobaki mlangoni. Funzo kwetu ni kwamba tunapodai kituo, tudai pia fomu ambayo kibarua na mgeni wanaweza kuijaza.

Sasa tulikabili swali kubwa ambalo tunaulizwa hata na wanachama wenyewe. Serikali iliyoshindwa kulipa mishahara italipaje walezi wa watoto? Swali hili ni la haki. Februari 2024 bomba linalopitisha mafuta ya Sudan Kusini katika nchi ya Sudan lilipasuka, mapato yakaanguka, na watumishi wa serikali wakakaa miezi mingi bila mshahara. Kituo ambacho mlezi wake halipwi kitafungwa kabla ya masika kuisha, na mama atakuwa amekwisha mwachisha yaya wake.

Jibu letu ni kwamba uwanja wa ndege hauishi kwa mafuta peke yake. Kila ndege inayotua hulipa, na abiria na mizigo pia huleta fedha. Fedha hizo zinaletwa na jasho la watu hawa hawa wanaopiga deki na kubeba mabegi. Jengo la abiria lililofunguliwa Oktoba 2018, baada ya miaka ya watu kungojea ndege katika mahema, halijisafishi lenyewe. Kwa hiyo tunapendekeza fedha za walezi zitengwe kutoka mapato ya uwanja wenyewe, zisitegemee hazina kuu, na kampuni zinazofanya biashara uwanjani zichangie kwa kadiri ya idadi ya wafanyakazi wao. Serikali isimamie, ikague, na ilipe sehemu yake. Hatuombi jumba la kifahari. Tunaomba chumba safi chenye hewa karibu na lango la wafanyakazi, nje ya eneo linalohitaji kibali cha usalama, chenye maji, choo, mikeka, jiko, na walezi waliofundishwa na wanaolipwa. Na saa zake zifuate zamu. Kituo kinachofunguliwa saa tatu asubuhi hakimsaidii mtu aliyeanza kazi saa kumi na mbili.

Lipo pia suala la ugeni, ambalo watu hulinong'ona. Septemba 2014 ilitoka amri kwamba nafasi nyingi za kazi zilizoshikwa na wageni zipewe wananchi. Baada ya kelele nyingi serikali ikarudi nyuma, lakini hofu ilibaki. Mpaka leo wapo Wakenya na Waganda wasiotaka majina yao yaonekane kwenye karatasi yoyote, na wapo wenyeji wanaosema kituo kiwe cha watoto wa nchi tu. Kwa wote wawili tunasema: Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016, na Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya hiyo inakataza kuwabagua wafanyakazi wa nchi wanachama kwa uraia wao. Na ibara ya 25 ya Katiba ya Mpito inampa kila mtu haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Imesema kila mtu, haikusema kila raia. Mwenyeji akimwacha mgeni nje, mwajiri atawaambia wote wawili kwamba idadi yao haitoshi kufungua kituo.

Ndiyo maana tunasema ombi lisiwe la mtu mmoja mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tunapendekeza hatua hizi:

Kwanza, kila idara ichague mtu mmoja wa kuandikisha watoto wote walio chini ya umri wa shule: umri wa mtoto, zamu ya mzazi, na mtaa anakotoka. Asiulizwe kabila wala pasipoti. Wauza chai waandikishwe pia.

Pili, akina baba waandikishwe sawa na akina mama. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unawahusu wafanyakazi wanaume na wanawake wenye majukumu ya familia, na unataja wazi huduma za kulea watoto. Orodha yenye majina ya wanawake tu itaitwa shida ya wanawake, nayo itawekwa chini ya rundo.

Tatu, iandikwe barua moja, na nakala zake zipelekwe siku moja kwa wizara inayohusika, kwa mamlaka ya usafiri wa anga, kwa serikali ya jimbo, kwa baraza la mji, na kwa waajiri. Kila nakala ipigwe mhuri wa kupokelewa, na mhuri huo tuutunze. Barua iombe kikao kimoja cha wote hao pamoja, ili pasiwe na wa kumsukumia mwenzake.

Nne, fomu ya kumwandikisha mtoto kituoni isidai barua ya mwajiri wala hati ambayo wengi hawana. Kadi ya chanjo na ushahidi wa wafanyakazi wenzake wawili vitoshe.

Tano, wazazi wawe na viti katika kamati ya kuendesha kituo, na hesabu za fedha zisomwe mbele yao kila mwezi.

Hatusemi kwamba barua hiyo itajibiwa kesho. Huenda ikakaa mezani miezi kadhaa. Lakini barua ya mama mmoja hupotea naye anapohamishwa zamu au anapofukuzwa. Barua ya uwanja mzima, yenye mihuri mitano na orodha ya watoto, haipotei kirahisi, na atakayekuja baada yetu ataanzia hapo, hataanza upya.

Na tusidanganywe kwamba watoto hawa watakua tu, kama sisi tulivyokua. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Yule binti wa miaka tisa aliyekaa nyumbani leo kumwangalia mdogo wake anapaswa kuwa darasani Jumatatu ijayo, na kila juma linalopita bila kituo ni juma la masomo alilonyang'anywa. Orodha ianze kuandikwa juma hili. Shime, ndugu.