Aplikesheni ya simu haitoshi kumtibu mpiganaji wa zamani

Watu wa Ankoro wanajua kwamba vita haviishi siku bunduki inaporudishwa. Novemba 2002 askari wa serikali na Mayi-Mayi walipigana hapa, mahali Luvua inapokutana na Lualaba. Raia waliuawa na maelfu ya nyumba ziliteketezwa. Baadaye yakaja mapigano ya Batwa na Baluba, yaliyojaza wahami Manono, Nyunzu na Kalemie. Vijana walioshika silaha wakati huo leo ni baba za watoto. Wengine hawalali.

Sasa kuna wazo linalosifiwa: wapewe aplikesheni za kutuliza akili kwa simu. Marekani wanayo moja, PTSD Coach, iliyotolewa mwaka 2011 na wizara ya maveterani wao. Inamwuliza mtu juu ya usingizi, hasira na ndoto mbaya, kisha inamwonyesha namna ya kupumua polepole. Si kitu kibaya. Lakini askari yule wa Marekani ana hospitali za maveterani, ana malipo ya ulemavu, ana namba ya kupiga usiku akitaka kujiua. Kwake simu ni nyongeza. Ankoro ingekuwa ndiyo matibabu yote.

Tena simu hiyo inataka umeme, unite, rezo na mtu anayesoma vizuri. Simu moja inatumiwa na nyumba nzima. Mwanaume aliyeandika humo kwamba anaona sura za aliowaua, nani atamlinda siku mtoto wa jirani ataifungua?

Hata hayo yote yakitengenezwa, jambo kubwa linabaki. Mpiganaji wa zamani anarudi kuishi na mke anayeshtushwa na makelele yake usiku, na jirani aliyechomewa nyumba. Simu haiwezi kuketi kati ya hao watatu.

Na njia inayofaa inajulikana. Goma, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani walifanya kazi na wapiganaji wa zamani waliosimulia maisha yao hatua kwa hatua mbele ya washauri Wakongomani waliofundishwa. Zimbabwe, tangu 2006, bibi waliofundishwa wanaketi kwenye benchi nje ya vituo vya afya na kusikiliza wenye huzuni. Si madaktari, ni watu wa mtaa.

Wenye kutetea simu watasema washauri ni wachache. Kweli ni wachache, na hiyo ndiyo sababu ya kuweka pesa katika kuwafundisha. Aplikesheni ikae mkononi mwa mshauri, imkumbushe hatua za kazi na siku ya kumtembelea mgonjwa. Somo la kupumua linaweza kupita kwenye redio, kwa Kiluba na Kiswahili, na kila mtu akalisikia bila kununua unite.

Wahami nao wana swali lao: mbona aliyechoma anatafutiwa dawa, na aliyechomewa anaambiwa avumilie? Swali hilo ni la haki. Mpango wa serikali wa P-DDRCS, ulioundwa Julai 2021, uliahidi kuinua jamii nzima, si kumlipa mwenye bunduki peke yake. MONUSCO ilifunga kazi yake Tanganyika mwaka 2022, kwa hiyo deni hilo ni la serikali. Mshauri awe wa wote wawili, mpiganaji na mhami, katika kituo kimoja.

Kabla ya simu ya kwanza kugawanywa, kila kituo cha afya cha Ankoro kipate washauri wawili, mwanamke na mwanaume, waliofundishwa na wanaolipwa kila mwezi. Na kila mradi unaoleta aplikesheni uulizwe mbele ya shefu na wahami: betri ikizimika usiku, mtu huyu atagonga mlango wa nani?