Fahali wawili zizi moja? Wanakaa, mradi waandikiane

Ukishuka feri Likoni ukapanda matatu ya kwenda Ukunda, Shika Adabu unaipita kabla hujamaliza kuchati na mtu mmoja. Kwa karatasi hii ni wadi ya jiji. Lakini ingia ndani kidogo nyuma ya nyumba: kuna mbuzi, kuku wa mayai, ng'ombe wawili watatu wa maziwa, punda wa mkokoteni na mbwa wa kulinda ploti. Kazi ya daktari wa mifugo ipo, tena tele.

Na vijana waliosomea kazi hiyo wapo. Kuna aliyekaa miaka mitano Kabete akatoka na shahada, na kuna mwenye diploma ya afya ya mifugo. Shida ni kwamba ndoto ni ile ile kwa kila mtu: kipande changu cha duka, jina langu juu ya mlango, mimi ndiye bosi.

Msimamo wangu ni huu: vijana wa mifugo waache kufungua viduka vya mtu mmoja mmoja, waungane. Na wakiungana, wagawane mamlaka kwa kazi, sio kwa cheo, kisha waandikiane kabla ya shilingi ya kwanza kuingia.

Tuanze na hesabu ya kuwa peke yako. Simu inalia saa nane usiku kutoka Ng'ombeni, upande wa Kwale: ng'ombe amekwama kuzaa. Ukienda, asubuhi umechoka na duka limefungwa, mteja wa dawa ya minyoo anapita. Usipoenda, mwenye ng'ombe hakupigii tena, na ataambia mtaa mzima.

Au chukua chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza banda la kuku kwa siku chache. Chanjo huja kwenye chupa ya dozi nyingi. Inataka baridi kutoka kiwandani mpaka kwa kuku, na ukishaifungua una saa chache tu za kuimaliza. Mama mwenye kuku kumi na wawili hawezi kununua chupa nzima. Kwa hivyo anahitajika mtu wa kukusanya majirani siku moja, mwingine wa kulinda friji stima ikipotea, na mwingine wa kuchanja. Mtu mmoja atayafanya yote hayo saa ngapi?

Kichaa cha mbwa nacho si mchezo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kenya ina mpango wa taifa, ulioanza 2014, wa kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030, na nguzo yake kubwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Huwezi kufikisha asilimia hiyo kwenye wadi ukiwa peke yako na kibuyu cha barafu begani. Unahitaji timu: wa kushika mbwa, wa kudunga, wa kuandika.

Tusidanganyane kwamba serikali itakuja kutuajiri sote. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 iliacha kumpa kazi moja kwa moja kila daktari wa mifugo anayehitimu. Katiba ya 2010 ikapeleka huduma za mifugo kwa kaunti, na nafasi za kaunti ni chache. Wengi wetu kliniki ya kibinafsi ndiyo njia iliyobaki.

Sasa, mbona ubia mwingi unavunjika? Watu husema ni pesa. Mimi naona pesa huja baadaye. Kinachoanza kuvunja ni cheo.

Tuseme wameungana watatu. Mmoja ana shahada. Wa pili ana diploma, lakini ndiye anayejulikana kila boma, akipita na pikipiki watoto wanamwita. Wa tatu hakusomea mifugo, ila ana mtaji na duka liko barabarani. Mwenye shahada anasema: mimi ndiye daktari, kwa hivyo mimi ndiye mkubwa. Mwenye diploma anajibu kimoyomoyo: wateja ni wangu. Mwenye mtaji anasema: kodi nalipa mimi. Wote watatu wako sawa, na hapo ndipo kasheshe inapoanza.

Sheria ya mwaka 2011 inayosimamia kazi hii inawatambua madaktari wa mifugo na wahudumu wa afya ya mifugo, na wote wako chini ya Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB. Inasema nani anaruhusiwa kutibu nini. Haiwezi kuwaambia nani anunue friji, nani ajibu simu ya Ijumaa usiku, au nani amkatalie binamu anayetaka dawa kwa mkopo. Hayo ni yenu.

Kwa hivyo gawaneni hivi. Uamuzi wa tiba ni wa daktari, na hakuna wa kumpindua, hata mwenye mtaji. Hili lina maana kubwa: ng'ombe akidungwa antibiotiki, maziwa yake lazima yasubiri siku kadhaa kabla ya kuuzwa. Anayehesabu mauzo ya siku atashawishika kuuza sindano na kunyamaza, na maziwa hayo yanaishia kwenye chai yetu. Lazima awepo mtu ambaye neno lake la "hapana" ni la mwisho. Lakini nje ya tiba, daktari ashuke kwenye kiti. Ratiba na wateja viwe vya yule anayewajua. Vitabu vya hesabu viwe vya wa tatu, na kila Jumatatu vifunguliwe mezani wote waone.

Kuna wenzetu waliojaribu kuunganisha nguvu kwa njia nyingine. Sidai Africa, iliyoanza hapa Kenya 2011, ilichagua kuweka vituo vya huduma za mifugo vya sehemu mbalimbali chini ya jina moja. Si lazima tufuate mtindo huo huo. Funzo ni kwamba mfugaji anapata imani na jina ambalo halifungwi kwa sababu mtu mmoja ameugua.

Najua jibu la mtaani: "Mkishaanza kuandikiana, hamuaminiani." Tafadhali. Hata ndoa, na mahaba yake yote, kadhi anaandika. Kina mama wa chama cha mzunguko wanaandika nani ametoa na nani hajatoa, na bado Jumapili wanakula pamoja. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi haileti ugomvi. Inaupa ugomvi mahali pa kuishia.

Sheria nayo iko upande wetu. Tangu 2011 Kenya ina aina ya ubia ambapo deni la biashara halikufuati mpaka kwenye godoro lako, ingawa kosa ulilofanya kwa mkono wako linabaki lako. Muulizeni wakili mmoja, mchange ada yake. Itakuwa rahisi kuliko kesi.

Na muweke kile kipengele ambacho wengi wetu tunaona haya kukitaja: mtu akitaka kutoka, anatoka vipi? Anachukua nini, analipwa kwa miezi mingapi, simu ya kliniki inabaki na nani? Ongeeni hayo sasa mkiwa bado mnacheka pamoja. Siku mtakapoacha kucheka, hamtaweza kuyaongea.

Tumeambiwa fahali wawili hawakai zizi moja. Muulize mfugaji yeyote: wanakaa, ukiweka ukuta katikati na kila mmoja akawa na hori lake. Kwa hivyo kabla hamjapaka rangi ile ya kijani mlangoni, kaeni chini na kalamu.