Muziki wa Harusi Usitoke Kwenye Simu

Sisi tunashona nguo za maharusi hapa Chimwaga, Dodoma. Juzi kwenye sherehe ya wanawake kaswida ilikatika, simu ikaita kwa sauti ya spika: shemeji anauliza funguo! Tulicheka, ila bibi harusi alikuwa hana mtandio, na simu ile ina kamera, imeelekea kwake.

Maoni yetu, tumieni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4. Ni saizi ya kadi ya benki, haina kamera wala maikrofoni. Msikimbilie Pi 5 ya 2023 kwa kuwa ni mpya. Haina tundu la waya wa spika, mtanunua kifaa kingine. Programu ya Volumio kuanzia ni bure. Kaswida na taarabu wekeni kwenye flashi, bando halitaliwa. Mkishapanga nyimbo kwa simu kupitia Wi-Fi, simu irudi mkobani.

Mtasema ni gharama. Mbona gauni la siku moja tunalipia? Pesa itakayobaki nunueni spika nzuri, na pawabenki yenye nguvu. Umeme ulipokatika ghafla, kadi yetu ya kwanza iliharibika.