Kudonoa Rangi Si Wizi, Wizi Uko Kwingine

Kuna ubishi mmoja usiokwisha kati ya vijana wanaochora kwa kompyuta na simu, na huku kwetu Migori na Homa Bay nimeusikia hadi nimechoka. Mtu anaonyesha mchoro wake, tuseme wa mama wa Mbita anayeanika omena. Watu wanausifu. Halafu anajitokeza mjuaji mmoja na kuuliza: hizo rangi umezichanganya mwenyewe au umezidonoa kwenye picha? Akijibu kwamba amezidonoa, basi kwisha habari yake. Eti amefanya udanganyifu. Eti huyo si mchoraji.

Mimi ni mwandishi wa programu, nimesomea sayansi ya kompyuta, na nasema bila kuzunguka: lawama hiyo haina msingi. Tena ina madhara, maana tunampigia kelele asiye na kosa huku mwenye kosa akipita kimya kimya.

Kwa wale ambao hawajawahi kuchora hivi, nieleze kidogo. Programu kama GIMP, Krita na Photoshop zina kifaa ambacho alama yake ni kile kibomba kidogo cha kudondoshea dawa. Unakigusisha mahali fulani kwenye picha, nacho kinasoma namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Brashi yako inapata rangi hiyo hiyo. Huko ndiko kudonoa. Ukizipanga namba hizo kwa kila namna, unapata rangi 16,777,216. Sasa niambie, katika hizo zote, ipi ina mwenyewe?

Na tusijifanye kwamba kuchukua rangi kutoka kitu unachokitazama kumeletwa na kompyuta. Nenda kisiwani Mfangano, Homa Bay, utazame michoro ya kale kwenye miamba ya Mawanga na Kwitone: miduara myekundu na myeupe ambayo watafiti huihusisha na Watwa. Wachoraji wale hawakuwa na duka la rangi. Nyekundu ya namna ile hupatikana kwa kusaga udongo au mawe yenye chuma. Walichukua rangi ya nchi wakaipaka juu ya nchi. Mbona hakuna anayewaita wadanganyifu?

Lakini wanaodonoa nao wasianze kushangilia. Wengi wao wanaamini kwamba wakidonoa wamepata "rangi halisi". Hawajapata. Kamera nyingi za kidijitali, pamoja na za simu zetu, hutumia kichujio alichobuni Bryce Bayer wa Kodak, ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Kila pikseli hupima rangi moja tu kati ya zile tatu. Mbili zilizobaki hukadiriwa na programu kwa kuangalia pikseli jirani. Kwa hiyo theluthi mbili za namba zote kwenye picha yako ni makadirio. Halafu kamera inaamua yenyewe nyeupe ni ipi, na picha nzima inasogea kuelekea manjano au buluu. Mwishowe faili inabanwa kuwa JPEG, na mara nyingi pikseli nne hugawana taarifa moja ya rangi.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Ukienda Thimlich Ohinga kule Migori (ndiyo, zile kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji ambazo UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018), piga picha ukuta mmoja asubuhi, kisha jioni. Donoa jiwe lile lile katika picha zote mbili. Utapata namba tofauti. Au nenda ziwa Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, ambalo maji yake ni ya kijani kwa sababu ya vijimea vidogo vinavyoishi humo. Donoa kijani hicho pikseli moja moja, uone kama utapata zinazofanana. Sasa ipi ndiyo "halisi"? Lazima uchague, na kuchagua ndiyo kazi ya mchoraji.

Kwenye ngozi yetu mambo ni mazito zaidi. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizoitwa "Shirley", zenye picha ya mwanamke mzungu. Aking'aa yeye vizuri, kazi imekwisha, na mtu mweusi atatokea atakavyotokea. Hadi mwaka 2021 Google walikuwa bado wanatangaza Real Tone kwenye simu zao za Pixel 6 kama dawa ya tatizo hilo. Kwa hiyo ukidonoa shavu la nyanya yako bila kufikiri, ukapata kijivu kama jivu la jikoni, hujapata rangi yake. Umepata maoni ya kiwanda kuhusu rangi yake. Lisahihishe, wewe unamjua.

Wapinzani watasema: anayedonoa kila siku hatajifunza kuona. Hapo wana hoja, na dawa yake si kumkataza. Kisia rangi kwanza, ipake, halafu donoa uone umekosea kwa kiasi gani. Sisi waandishi wa programu tunafanya hivyo hivyo: unaandika jibu lako, kisha unaliendeshea jaribio. Kijana wa Awendo au Rongo ambaye hana mwalimu wa sanaa wala pesa za kununua rangi za mafuta anaweza kujifunza hivyo kwa simu tu. Kumwambia asiguse kifaa hicho ni kumnyang'anya mwalimu aliye naye.

Sasa tuje kwenye wizi wenyewe. Ile picha uliyodonoa rangi, nani aliipiga? Mara nyingi ni mpiga picha wa hapa hapa, anayekesha ufuoni akingoja jua litue ili apate riziki. Mchoraji anaichukua, anaifuata mstari kwa mstari, anauza mchoro, na jina la mpiga picha halitajwi popote. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inailinda picha kama kazi ya sanaa, kwa miaka 50. Hailindi namba tatu za rangi. Inalinda picha yenyewe.

Katika programu huria tumelizoea hili. Leseni nyingi zinakuruhusu utumie kazi yangu, uibadilishe, hata uiuze, ila jina langu ulibakize. Hakuna anayeuliza ulitumia kifaa gani kuandika. Tunauliza umechukua kazi ya nani na kwa masharti gani.

Wachoraji wafanye vivyo hivyo. Ombeni ruhusa, tajeni jina, na mkiuza, mgawieni mwenye picha. Na wewe mjuaji, ukimwona tena kijana na mchoro wake wa mama wa Mbita, mwulize picha ni ya nani. Akikujibu vizuri, muache adonoe hadi achoke.