Ilikaangwa lini?

Wiki hii nilinunua pakiti ya kahawa hapa Eldoret. Mbele imeandikwa "freshi kabisa." Nikaigeuza: tarehe ya kuharibika ipo, mwaka ujao. Tarehe ya kukaangwa haipo. Kufungua, hata harufu hakuna!

Wapendwa, kahawa mbichi hukaa miezi. Ikishakaangwa, harufu na utamu hupungua baada ya wiki chache. Ikisagwa, upesi zaidi. Kwa hiyo kahawa inaweza kuwa haijaharibika na bado isiwe freshi. Mkulima kule Nandi anachuma zile mbivu kwa mkono. Tusimharibie kazi kwa neno moja kwenye pakiti.

Soma Yoshua 9. Wagibeoni walidanganya kuhusu siku mkate wao ulipotoka motoni, na Israeli wakaamini bila kumwuliza Bwana. Uongo wa tarehe ni uongo.

Unayeuza kahawa, maziwa au sukuma: sema siku yenyewe. Kama ni ya juzi, sema ni ya juzi, upunguze bei. Mnunuzi, uliza: "Ilikaangwa lini?" Nasi wahubiri, tusiuze ushuhuda wa miaka kumi iliyopita kama wa jana.

Kama uko tayari kuuza kweli, andika AMINA. Mbarikiwe.