KIOO CHA SAA: MVAAJI ASIKILIZWE KABLA YA BROSHA

Mfanyabiashara anayeagiza saa za mkono huuliza kwanza habari ya mashine, kisha mkanda, kisha jina lililoandikwa usoni. Kioo huulizwa mwisho, kama kinaulizwa kabisa. Hilo ni kosa, kwani kioo ndicho kitu ambacho mteja hukitazama kila siku na ndicho anachokiona mapema kuwa kimechakaa.

Vioo vilivyoko sokoni ni vya aina tatu. Akriliki, ambayo ni plastiki, ni ya bei nafuu na haitawanyiki vipande, ila hukwaruzika upesi. Kioo cha madini, yaani kioo cha kawaida kilichoimarishwa, kiko katikati. Ya tatu ni yakuti samawi ya kutengenezwa tanuruni, kazi iliyoanza kujulikana kwa utaratibu alioutangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902. Ugumu wake ni 9 katika kipimo cha Mohs, ambapo almasi ni 10.

Kwa hesabu hiyo, yakuti ingekuwa imekwisha kuliteka soko zima. Haikuwa hivyo, na sababu haimo katika brosha bali katika vinywa vya wanaovaa. Yakuti hurudisha mwanga karibu asilimia 8 kwa kila upande, ilhali kioo cha kawaida hurudisha asilimia 4 hivi. Juani mvaaji huona sura yake mwenyewe badala ya mishale. Yako makampuni yanayopaka dawa ya kuzuia mng'ao hadi upande wa nje. Wavaaji hulalamika kuwa dawa hiyo ndiyo inayokwaruzika, kioo chenyewe kikiwa kizima. Mengine hupaka ndani tu.

Aidha, ugumu si uimara. Yakuti ikiangukia sakafu ya saruji inaweza kuvunjika vipande. Omega Speedmaster iliyofaulu majaribio ya NASA mwaka 1965 na kufika mwezini mwaka 1969 ilikuwa na kioo cha akriliki. Hadi leo saa hiyo huuzwa kwa vioo vyote viwili, ile ya yakuti kwa bei ya juu zaidi, na bado wako wanaochagua plastiki kwa hiari yao, wakijua kuwa mkwaruzo wake husuguliwa kwa dawa ya kung'arishia hadi ukatoweka.

Kwa upande mwingine, Seiko SKX007 iliyotoka mwaka 1996 ilikuwa na kioo cha madini. Wamiliki wengi waliking'oa na kuweka yakuti kwa fedha zao, na biashara nzuri ya vipuri ikakua pembeni. Mteja anayelipa mara ya pili ili kurekebisha alichokwisha kununua ametoa maoni yaliyo wazi kuliko fomu yoyote ya utafiti.

Mwekezaji mdogo naye ana lake hapa. Novemba 2013, kampuni ya Marekani ya GT Advanced Technologies ilitangaza mkataba wa kuitengenezea Apple yakuti, pamoja na malipo ya awali ya dola milioni 578 hivi. Hisa zikapanda kwa matumaini ya kioo cha simu. Septemba 2014 simu mpya ikatoka bila yakuti usoni, na Oktoba 6 kampuni ikaomba kinga ya mufilisi. Hisa zilianguka kwa zaidi ya asilimia 90 kwa siku moja. Sifa za jiwe hazikuwa na shaka. Tatizo lilikuwa kulizalisha kwa ubora na kiasi kilichotakiwa.

Mwagizaji hahitaji maabara. Kabla ya kulipia katoni nzima, achukue saa 5 za mfano, ampe kondakta wa basi, seremala, karani, mama wa sokoni na fundi saa, wazivae mwezi mzima. Zikirudi, aziangalie juani, na awaulize wangelipa kiasi gani zaidi kwa kioo kingine. Saa 5 zilizochakaa ni hasara ndogo kuliko katoni isiyotoka.