Shauri la Juma Hili: Lenzi Ndefu Ipi Imfaayo Mpiga Picha?

Kijana mmoja wa Nakuru ametuletea barua yenye swali ambalo twaamini linawasumbua wapiga picha wengi, hasa wale waianzao kazi hii na mfuko mwembamba. Yeye hupiga picha za arusi, za mahafali na za michezo ya shule, na kwa mapato hayo humlipia mdogo wake karo. Anayo kamera moja ya Canon, ya aina ile yenye kioo ndani, pamoja na lenzi fupi iliyouzwa nayo. Sasa ataka kununua lenzi ndefu ya kuvuta, yaani ile ambayo mtu huzungusha pete yake na kitu kilicho mbali kikaonekana kimesogea karibu. Nusu ya fedha alizo nazo ni akiba yake mwenyewe. Nusu ya pili ni mkopo wa chama chake, ambao hana budi kuurudisha katika miezi kumi.

Ameonyeshwa lenzi tatu zilizokwisha tumika, zote za Canon. Ya kwanza ni ya milimita 70 mpaka 200, yenye tundu la f/4 na kituliza mtikiso. Ya pili ni ya milimita hizo hizo, lakini tundu lake ni f/2.8. Ya tatu ni ya milimita 100 mpaka 400, ambayo tundu lake hupungua hadi f/5.6 ikivutwa mpaka mwisho. Fedha zake zaitosha ile ya kwanza, na kidogo zitabaki. Akitaka mojawapo ya hizo nyingine mbili, itambidi aombe mkopo wa pili. Auliza, je, ashike ipi?

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hilo lamfaa mvivu atafutaye sababu ya kutokwenda shamba. Lakini kijana huyu shamba analo, na kila Jumamosi yumo ndani yake akilima. Akichagua vibaya, deni litabaki mlangoni na karo ya mdogo wake haitapatikana. Kwa hiyo tutamjibu kwa taratibu, tukianza na hesabu, kwani hesabu haimpendelei muuzaji wala mnunuzi.

Hesabu ya kwanza ni ya milimita. Hesabu hii yaonyesha lenzi yaweza kukikuza kitu kwa kadiri gani. Ukisimama mahali pamoja, lenzi ya milimita 400 itamwonyesha mnyama kwa kimo maradufu ya kile kionyeshwacho na lenzi ya 200. Chukua mfano wa heroe mdogo, ambaye wengi humwita flamingo, mwenye kimo cha sentimita 90 hivi. Akiwa umbali wa mita 60, lenzi ya milimita 200 itamchora kwa kimo cha milimita 3 juu ya kipokea-mwanga kilichomo ndani ya kamera. Katika kamera kama ya kijana wetu, kipokea-mwanga hicho kina kimo cha milimita 15 hivi. Basi ndege atajaza sehemu moja tu katika tano, na sehemu nne zitakuwa maji na matope. Kwa lenzi ya 400 atajaza sehemu mbili katika tano, na hapo picha yaanza kuwa picha ya ndege.

Yafaa kukumbuka pia kwamba kipokea-mwanga cha kamera yake ni kidogo kuliko kile cha kamera kubwa. Kwa sababu hiyo lenzi ya 200 huonekana kwake kana kwamba ni ya 320, maana 200 mara 1.6 ni 320. Jambo hilo ni faida uwanjani, lakini ni hasara chumbani, kwani hata ile 70 itakuwa kama 112. Mwenye lenzi hii asidhani kwamba ataweza kuitupa ile fupi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Hesabu ya pili ni ya tundu, nayo ndiyo iwadanganyayo wengi, kwa sababu namba ikiwa ndogo tundu huwa kubwa. Namba ya f ni urefu wa lenzi ukigawanywa kwa upana wa tundu lake. Milimita 200 kwa f/4 ni tundu la milimita 50. Milimita hizo hizo kwa f/2.8 ni tundu la milimita 71 hivi. Upana umeongezeka kidogo, lakini mwanga uingiao umekuwa maradufu. Na lenzi ya tatu, ikivutwa mpaka 400 kwa f/5.6, hupitisha nusu ya mwanga wa f/4, yaani robo ya ule wa f/2.8.

Tuitie hesabu hii ndani ya kanisa, mahali ambapo kijana wetu hupata riziki yake. Tuseme bibi arusi yuaja polepole kati ya viti, na mwanga uliopo ni wa madirisha tu. Kwa f/2.8 mpiga picha aweza kuiweka shata yake katika sehemu moja ya 200 ya sekunde, akiipandisha ISO hadi 3200. Kwa f/4, akitaka mwendo huo huo wa shata, itambidi aifikishe ISO 6400, na picha itaonyesha chembechembe zaidi. Kwa f/5.6 itambidi afike 12800, na katika kamera nyingi ndogo picha ya namna hiyo haimfurahishi mwenye arusi. Kwa hiyo lenzi ya tatu yaondoka katika kazi za ndani. Ni chombo cha jua.

Labda msomaji atauliza habari za kituliza mtikiso, kwamba je, hakiwezi kuziba pengo hilo? Chombo hiki ni baraka kubwa. Lenzi ya kuvuta ya Canon ya milimita 75 mpaka 300, iliyotoka mwaka 1995, ilikuwa ya kwanza kuwa nacho katika kamera za aina hii. Ndani ya lenzi mna vioo vinavyosogea ili kupingana na mtetemeko wa mkono. Lakini na tuelewe vizuri: chatuliza mkono wako, hakimtulizi bibi arusi. Mchungaji asimamaye kimya mimbarini atatoka safi hata shata ikienda polepole. Mtoto achezaye ngoma atatoka kama moshi. Kwa watu waendao mbio, dawa ni mwanga au tundu kubwa.

Hesabu ya tatu ni ya uzito, nayo hukumbukwa na wachache wanapokuwa dukani. Lenzi ya f/4 yenye kituliza, ile iliyotoka mwaka 2006, ina uzito wa gramu 760. Zile za f/2.8 za zamani zina gramu kati ya 1,300 na 1,500 kwa kadiri ya aina, na ya 100 mpaka 400 yakaribia kilo moja na nusu. Tofauti hiyo dukani ni ndogo. Lakini arusi huanza nyumbani kwa bibi arusi alfajiri na kwisha usiku, na mkono uliochoka hutikisika, na mpiga picha aliyechoka huanza kuketi wakati ambapo yampasa asimame.

Katika mwaka 1959 Nikon walitoa lenzi ndefu ya kuvuta ya milimita 85 mpaka 250 kwa kamera za filamu za milimita 35. Tangu siku zile mafundi wameboresha vioo, wamepunguza uzito, na wameongeza injini za kulenga. Lakini hawajaweza kuiondoa sheria moja: urefu, mwanga na wepesi havikai pamoja kwa bei ndogo. Atakaye viwili atalipa kwa cha tatu, na atakaye vyote vitatu atalipa kwa fedha nyingi mno. Kwa hiyo kila mnunuzi lazima ajue ni kipi awezacho kukiacha.

Sasa tumjibu kijana wetu. Katika barua yake amesema kwamba moyo wake wavutwa na ile lenzi ya 400, kwa sababu Ziwa Nakuru li karibu naye na atamani kupiga picha za ndege na wanyama. Tamaa hiyo ni njema. Lakini amesema pia kwamba picha za ndege hajauza hata moja, wala hajui atamwuzia nani. Arusi anazo mbili au tatu kila mwezi. Shauri letu ni hili: lenzi inunuliwe kwa ajili ya kazi iliyopo, si kwa ajili ya kazi inayotamaniwa. Deni la chama litalipwa na maharusi, halitalipwa na heroe.

Zinabaki mbili. Ile ya f/2.8 ni bora kanisani, wala hatutaficha neno hilo. Kama kazi zake zote zingekuwa za usiku na za ndani, tungemwambia angoje, aweke akiba mwaka mmoja zaidi, kisha ainunue hiyo. Lakini kwa maelezo yake, sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika mchana: mahafali uwanjani, mbio za watoto, karamu chini ya hema. Huko f/4 yatosha kabisa. Kwa saa moja ya kanisani ataongeza ISO, atasimama karibu na dirisha, na kasisi akimruhusu atasogea mbele na lenzi yake fupi. Hasara yake itakuwa chembechembe kidogo. Hasara ya mkopo wa pili ni kubwa kuliko hiyo, kwani mwezi mmoja usio na arusi waweza kumfanya auze lenzi na kamera pamoja.

Basi na achukue ile ya milimita 70 mpaka 200 ya f/4 yenye kituliza, na fedha zitakazobaki azihifadhi kwa matengenezo. Siku atakapopata mtu wa kununua picha za wanyama, akodi lenzi ya 400 kwa siku moja au mbili, maana Nairobi wako wakodishao vyombo vya namna hiyo. Aingie hifadhini mapema, kabla ya joto la mchana kufanya hewa itetemeke juu ya nyika, kwa kuwa hewa hiyo huharibu picha ya mbali hata kwa lenzi ya bei kubwa. Azime injini ya gari, na lenzi ailaze dirishani juu ya mfuko wa kitambaa uliojaa maharage. Na kama picha ni za biashara, aulize kwanza masharti ya kibali.

Kabla ya kutoa fedha, aitazame lenzi hiyo kwa makini. Amulike tochi upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Akiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na asiinunue. Vumbi kidogo si neno, lakini kuvu hula kioo, hasa katika lenzi zilizokaa mahali penye unyevu. Azungushe pete mpaka mwisho na kurudi, asikilize kama mna mchanga. Aifunge katika kamera yake mwenyewe, alenge maandishi ya gazeti kwa 70 na kwa 200, tundu likiwa wazi kabisa, kisha aikuze picha katika kioo cha kamera aone kama herufi zi wazi. Aguse na kukizima kituliza, asikie kama chafanya kazi. Mwisho adai hati ya kwanza ya ununuzi na kuilinganisha namba. Lenzi isiyo na hati yaweza kuwa ya wizi, na mwenye mali akitokea, mnunuzi atapoteza lenzi na fedha, na deni litabaki pale pale.

Wengine watamtisha kwamba lenzi hizi zimepitwa na wakati, kwa kuwa tangu mwaka 2018 Canon wametoa kamera zisizo na kioo ndani, zenye kiungo kipya. Asiogope. Lenzi hizi za zamani hufungika katika kamera hizo kwa pete ya kuunganishia, na kulenga kwake huendelea kufanya kazi. Lakini lenzi za kiungo kipya hazifungiki katika kamera yake aliyo nayo leo, na asikubali kuuziwa moja kwa maneno matamu.

Tunamtakia kijana wetu kazi njema, na twamsihi atuandikie deni litakapokwisha. Wasomaji wengine wenye lenzi za namna hii, na wale waliokwisha kuzijaribu katika arusi za usiku, watuletee maoni yao tupate kuyachapa. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutamjibu msomaji wa Mombasa aulizaye jinsi ya kuihifadhi kamera isiharibiwe na hewa ya chumvi.